Matamvua Niliyoyakata

Mimi ni mtoto wa fundi cherehani, na sisi watoto wa mafundi ugonjwa wetu ni macho. Nikipanda treni Blacktown, hapa Sydney, kabla sijaona sura ya mtu nimeshaona pindo la suruali yake: limefumuka, limepindwa kwa mkono, limebandikwa kwa gundi. Nikiona uzi unaning'inia kwenye sketi ya mtu nisiyemjua, vidole vinaniwasha. Binti yangu huniambia, "Mum, stop staring," nami humjibu kwamba simwangalii mtu, naangalia nguo. Nayasema haya mapema ili mtu asidhani kwamba nilichokifanya nilikifanya kwa ubaya. Nilikifanya kwa macho haya, kwa mikono aliyonifundisha mama, na kwa kiherehere ambacho hakuna aliyenifundisha.

Ilikuwa mwaka wa pili wa korona. Kazi yangu ilikuwa kuhudumia wazee majumbani, na kampuni ikanipangia bibi mmoja wa Toongabbie, asubuhi tatu kwa wiki, kila mara kwa muda wa saa moja na nusu. Maelezo yaliyokuja kwenye simu yalikuwa mafupi: mjane, miaka themanini na ushee, amepooza mkono wa kushoto, Kiingereza kidogo. Mlangoni nilipokewa na mwanawe, mtu wa makamo aliyekuwa akifanya kazi ya kompyuta kutoka chumbani kwake, kama nusu ya jiji wakati ule. Akanieleza kwamba wao wanatoka Assam, pembe ya kaskazini mashariki ya India, na kwamba amechoka kuulizwa kama huko ni Nepal. Nikacheka ndani ya barakoa, maana mimi mtu wa Tabora kila siku nageuzwa Mkenya. Akasema mama yake nimwite Aita, ndiyo bibi kwa lugha yao, kwa sababu jina lake halisi si la kutamkwa na mtu wa umri wangu. Hilo nililielewa bila kufafanuliwa.

Siku ya kwanza nilimwogesha, nikamvisha, nikamsuka nywele zake nyeupe mkia mmoja, nikadhani sasa atataka kukaa sebuleni aangalie runinga. Akanyoosha mkono wake mzima kuelekea mlango wa gereji. Humo hamkuwa na gari. Mlikuwa na kitanda cha mfumi, mtambo wa kufumia nguo kwa mkono, kitu nilichokuwa nimekiona kwenye kitabu cha shule ya msingi tu, kimejaa gereji ukuta hadi ukuta. Marehemu mume wake alikitengeneza kwa mbao za dukani mwaka waliokuja kuishi na mtoto wao, akipima kwa kumbukumbu, na mwana aliniambia kwamba wazee wale waligombana mwezi mzima juu ya urefu wa kanyagio. Nyuzi nyeupe mamia kwa mamia zilikuwa zimetandwa kutoka gogo la nyuma hadi gogo la mbele, na huku mbele palikuwa na kitambaa kilichofikia nusu. Kilikuwa vile tangu siku alipopooza.

Aliketi kwenye benchi akanionyesha. Mguu unakanyaga, nyuzi za mtande zinaachana, kijiti chenye uzi wa mshindio kinarushwa katikati kutoka mkono wa kulia kwenda wa kushoto, kisha ubao unavutwa kifuani: tak. Safu moja. Mguu mwingine, kijiti kinarudi, tak. Safu ya pili. Lakini mkono wake wa kushoto ulikuwa umelala mapajani kama mgeni aliyesinzia, kwa hiyo alirusha na hapakuwa na wa kudaka. Kijiti kikaanguka sakafuni upande wa pili. Nikakiokota nikamrudishia, akarusha tena, kikaanguka tena, akacheka hadi akapaliwa. Mimi sikucheka. Nilikuwa namfikiria mama yangu, angekuwa katika hali gani akinyimwa mkono mmoja.

Alichokuwa akikifuma kinaitwa gamosa. Ni kitambaa cheupe cha pamba, kirefu kuliko taulo na chembamba kuliko khanga, chenye mstari mwekundu pande tatu, na upande wa nne maua mekundu yaliyofumwa humohumo, si ya kutariziwa juu. Ukikitazama harakaharaka utasema ni cha kujifutia jasho, na kweli wakulima wao hujifutia jasho. Lakini kitambaa hichohicho hufunikia kitabu kitakatifu, huvishwa mgeni shingoni, hufungwa kichwani na wacheza ngoma, huwekwa juu ya maiti. Kila mwezi wa nne, katika sikukuu yao ya mwaka mpya waiitayo Bihu, mwanamke hufuma gamosa mpya akawapa anaowaheshimu na anaowapenda. Kununua dukani inawezekana, mwanawe aliniambia, ila Ma atakununia mpaka Bihu nyingine. Khanga yetu ina pindo, mji na jina. Yao haina jina wala maneno yoyote. Anayepewa anamjua aliyefuma, basi.

Aita alikuwa na mdogo wake wa kike aliyebaki kijijini kwao. Walijifunza kufuma wakiwa watoto, kwenye kitanda kimoja, na tangu walipoolewa, kila Bihu, huyu alimtumia yule gamosa moja na yule akamtumia huyu. Waliongea kwa video asubuhi wakati mimi namsuka nywele. Kule kwao jua ndiyo kwanza linachomoza, na yule mdogo alikuwa keshaamka, ameshika kikombe cha chai, mwembamba, meno mawili ya mbele hayapo. Alinizoea. Alinionyesha kwa ishara nisogee, niiname kwenye kamera, aone nilivyofunga mkia wa dada yake, kisha akasema jambo nao wakacheka wote wawili. Sikuwahi kujua walikuwa wananicheka nini, na sasa hakuna wa kunieleza.

Mwezi wa tano ugonjwa ukaiangukia India kama moto wa nyasi kavu. Sote tuliona kwenye runinga. Ndege za kutoka kule zikazuiwa kutua hapa, hata kwa raia wa hapa. Asubuhi moja nilifika nikamkuta mwana amekaa kwenye ngazi ya mlangoni, barakoa imeshuka kidevuni, akaniambia mama mdogo amefariki hospitalini. Hapakuwa na kuoshwa wala kuvishwa. Mfuko wa plastiki, kamba, na wanawe wamesimama mbali.

Nilimkuta Aita kitandani, nywele zimemwagika mabegani. Akasema neno moja tu, "Bhonti," ambalo kwao ni namna ya kumwita mdogo wako wa kike kwa mapenzi. Akalisema tena na tena, bila machozi, kama anayemwita mtoto aliyeko uani aje kula. Nilikuwa na glavu mikononi, barakoa usoni, kioo cha plastiki juu ya barakoa. Nikakaa sakafuni nikalia mimi kwa niaba yake, kioo kikajaa ukungu nisione kitu.

Kisha baada ya wiki kadhaa kikaja kifurushi. Wakati ule barua zilitembea kama zinakuja kwa miguu, na hiki kilikuwa kimetumwa kabla ya Bihu, yule mdogo akiwa mzima wa afya. Kilikuwa kimeshonewa ndani ya kitambaa cheupe, mshono wa mkono, mishono midogo iliyolingana kama punje za mtama. Nilimwonea wivu aliyeshona. Aita alikaa nacho mapajani siku tatu za zamu yangu bila kukifungua, na kila nilipotaka kumvisha ilibidi nimwinue pamoja nacho. Siku ya nne akaniashiria nikate mshono.

Ndani mlikuwa na gamosa. Akazika uso wake humo akakaa hivyo muda mrefu. Ilikuwa imeingia unyevu njiani, ina harufu ya ghala na doa la manjano kwenye kona, ndiyo maana baadaye akanikabidhi, akasugua vidole hewani, akasema kwa Kiingereza chake, "Wash. Slow." Nikamwambia nitaipeleka kwangu niifue kwa mkono siku ya mapumziko, nisiipe mashine. Akakubali kwa kichwa. Narudia, maana nimeyarudia mwenyewe kichwani mara nyingi: alisema nifue. Hakusema kingine chochote.

Niliifua Jumamosi kwenye beseni, kwa sabuni ya kipande, nikaianika kivulini. Jumapili nikaitandika juu ya meza kuipiga pasi, na hapo macho yangu yakafanya kazi yao. Huku na huku, kwenye ncha zote mbili, nyuzi zilikuwa zinaning'inia, urefu wa vidole vinne, hazikufungwa, hazikusokotwa, nyingine ndefu nyingine fupi. Nikaona nguo ambayo haijamalizwa. Nikamwona bibi mgonjwa kule kijijini, anaikata nguo kutoka kitanda cha kufumia akiwa hana nguvu, anaituma ilivyo. Hilo la ugonjwa nililitunga mwenyewe. Nilijua kabisa kwamba kifurushi kilitumwa mwenye nacho akiwa mzima.

Kwetu Tabora khanga mpya haivaliwi mpaka ipindwe. Na msiba ukitokea, wanawake huja na doti za khanga kumpa mfiwa, na mama yangu alikuwa akizichukua zote, anakaa kwenye baraza ya duka na cherehani yake, anakata, anapinda, anazirudisha kabla jua halijazama. Hatozi kitu. Alikuwa akisema mfiwa asitembee na nyuzi zinaning'inia, watu watadhani hana mtu. Nilikulia chini ya meza ile, nikiokota nyuzi zilizokatwa. Basi nilipoiona gamosa ile nilijiambia, Aita ana mtu, mtu mwenyewe mimi.

Binti yangu alikuwa akila mkate pale mezani. Akaniangalia ninavyochukua mkasi.

"Mum, did she ask you to do that?"

"Wewe unajua nini habari za nguo? Toa makombo yako hapa."

"I'm just asking."

Nikakata. Nyuzi zikaanguka mezani, nyeupe na nyekundu, nikazikusanya kwa kiganja nikazitia kwenye mfuko wa taka. Nikapinda mara mbili, nikapitisha cherehani, mshono ukaenda umenyooka toka mwanzo hadi mwisho. Nikapiga pasi kwa mvuke. Nilifurahi, sitaki kudanganya. Nililala nikiwa nimefurahi.

Jumatatu nilimwogesha haraka ili tufike kwenye zawadi. Nikamweka gereji kwenye kiti chake, nikamwekea gamosa mapajani ikiwa imekunjwa mraba. Akaikunjua kwa mkono mmoja, polepole, akaitazama pale doa lilipokuwa, akaitikia kwa kichwa, ameridhika. Kisha akafika ncha. Mkono ukasimama. Akaigeuza upande wa ndani, akaigeuza tena, akaifuata hadi ncha ya pili. Kidole chake kikapita juu ya pindo langu toka kona hadi kona, kisha kikarudi.

"Where?" akaniuliza.

Nami, Mungu anisamehe, nikafurahi ameuliza. "At home, Aita! My machine!" Nikamwonyesha kwa mikono jinsi gurudumu linavyozunguka.

Akamwita mwanawe kwa sauti ambayo sikujua kwamba anayo. Akaja mbio, vipokea sauti vya mkutano wake vikiwa shingoni, akidhani ameanguka. Aita akaanza kusema. Hakupaza sauti tena. Alisema kwa muda mrefu akiwa ameitazama nguo, si mimi wala yeye, na mwana akawa ananitafsiria kwa Kiingereza, kipande kwa kipande.

"Anasema walipokuwa wasichana, kitanda kilikuwa kimoja na wao wawili. Mmoja akifuma, mwingine anasubiri zamu. Yule anayesubiri alipewa kazi ya kusokota nyuzi za mwisho za nguo ya mwenzake. Matamvua. Ndiyo ikawa..." Akamwuliza mama yake kitu, akajibiwa. "Ikawa desturi yao. Maisha yao yote. Anayefuma hasokoti. Anaziacha nyuzi wazi, na anayepokea ndiye anazisokota. Anasema nguo moja, mikono minne."

Akavua vile vya masikioni akaviweka juu ya mbao za kitanda.

"I didn't know this," akasema, na sikujua ananiambia mimi au anamwambia nani. "Kila mwaka nilikuwa namtania Ma, mama mdogo kawa mvivu, kaleta tena nguo haijaisha. Na yeye alikuwa anacheka tu."

Nikamwuliza amesema nini mwishoni. Hakutaka kunitafsiria. Nikamwomba. Akasema, "Anasema hiyo ndiyo ilikuwa kazi ya mwisho iliyobaki kati yake na mdogo wake. Alikuwa anangoja ifuliwe kwanza."

Nilitoka nje nikampigia simu binti yangu, nikamwambia akimbie kwenye pipa la taka. Alikuwa nyumbani, shule ilikuwa ya kwenye kompyuta. Nikasikia anavyofungua mlango, nikasikia kifuniko cha pipa kinavyogonga ukuta. "It's empty, Mum. They came already." Kisha akasema kwa Kiswahili, yeye ambaye hunijibu Kiingereza siku zote, "Pole, mama." Hakuongeza kwamba aliniuliza. Ningependa angeongeza.

Jioni ile nikampigia mama yangu, na nakiri nilimpigia ili anitetee. Nilimsimulia yote, nikamaliza kwa kusema nilifanya wema tu.

"Alikutuma?" mama akauliza.

"Hapana, mama, lakini kwa jinsi zile nyuzi zilivyo..."

"Nimekuuliza, alikutuma?"

"Hakunituma."

"Basi usiniletee habari za wema. Miaka arobaini nakaa na nguo za watu. Umeniona lini nakata nguo ya mtu kabla hajaniambia, nikamuuliza tena, akaniambia tena? Hata zile za msiba nilikuwa naenda kwa mfiwa mwenyewe, napiga magoti, namuuliza, dada, nipinde? Wewe ulikuwa chini ya meza hukuona hilo. Uliona mkasi tu."

Nikalia. Akaniacha nilie, salio langu likiteketea.

"Kamwombe radhi," akasema. "Na usimbebee zawadi. Usimnunulie khanga wala keki ya madukani. Mikono mitupu. Maji yakimwagika hayazoleki, mwanangu, lakini aliyeyamwaga anajulikana, asijifiche."

Nilikwenda. Mwana aliniandikia maneno ya kuomba radhi kwa lugha yao kwenye kipande cha karatasi, kwa herufi zetu, nikayasoma nimepiga magoti mbele ya kile kiti. Kwa miezi yote ile Aita hakuwahi kuuona mdomo wangu, macho tu juu ya kitambaa cha bluu, kwa hiyo sijui aliona nini nilipokuwa nasoma. Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akaninyooshea mkono wake mzima nimwinue tukaoge, kama asubuhi nyingine zote. Bora angenifukuza. Bora angepiga simu kwa kampuni aseme huyu asirudi, ningekuwa na mtu wa kumkasirikia.

Zikaja zile wiki ambazo sisi wa magharibi ya Sydney tulifungiwa kuliko wengine, helikopta za polisi zikizunguka juu ya mapaa, nami natembea na barua ya kazi kwenye pochi. Barabara ya kwenda Toongabbie ilikuwa tupu. Nilikuwa nikimkuta Aita gereji, mlango mkubwa umefunguliwa ili hewa ipite, amejifunika blanketi, gamosa mapajani. Na hapo ndipo nilipoona alichokuwa ameamua.

Alikuwa amefumua mshono wangu wa upande mmoja, ule usio na maua, kwa wembe. Lakini nyuzi zilizobaki chini ya pindo zilikuwa fupi kama kucha, hazisokoteki. Ili apate matamvua mapya ilimbidi aifumue nguo yenyewe, safu kwa safu, atoe mshindio, ule uzi wa kukatiza, ili mtande, zile nyuzi za urefu, ubaki wazi. Kila safu aliyoitoa ilikuwa mguu mmoja wa mdogo wake umekanyaga, mkono mmoja umerusha, ubao mmoja umevutwa kifuani. Anatoa kazi ya mdogo wake ili apate mahali pa kuweka ya kwake. Alikuwa anachokonoa uzi kwa ncha ya sindano, anauvuta taratibu, na kwa kuwa hakuwa na mahali pa kuuzungushia, aliuzungushia kwenye vidole vya ule mkono uliokufa. Asubuhi ya kwanza niliyomwona, vidole vile vilikuwa vimevaa uzi mweupe. Alipoufikia mstari mwekundu vikavaa mwekundu.

Nilisimama na taulo mkononi. Nilitaka kumshika mkono nimwambie aache, inatosha, lakini sikuwa na haki ya kusema lolote lililohusu nguo ile.

Zilipofika urefu wa vidole vinne akaanza kusokota. Kusokota kunataka mikono miwili. Hata mtoto anayesuka kamba ya kurukia anajua. Yeye alibana fungu moja la nyuzi kwa kibanio cha nguo kwenye ukingo wa kiti, fungu jingine akalishika kwa meno, katikati akaviringisha pajani kwa kiganja cha kulia. Mara nyingi kibanio kiliponyoka zikafunguka zote akaanza upya. Tamvua moja lingeweza kumla nusu saa. Siku moja sikuweza kuvumilia, nikavua glavu, nikanyoosha vidole viwili kushika mahali pa kibanio. Kushika tu.

"Nalage," akasema. Sihitaji.

Alisema bila hasira. Mwanamke huyu nilikuwa namvua nguo, namsugua mgongo, namsafisha baada ya haja, nampaka mafuta katikati ya vidole vya miguu, na yote hayo aliniachia kama mama anavyomwachia binti. Uzi ule hakuniachia. Nikarudisha mkono nikavaa glavu. Kila zamu nilijaribu tena, kwa macho tu, na kila zamu akatikisa kichwa, na siku moja akanipapasa shavu juu ya barakoa kisha akatikisa kichwa vilevile. Alikuwa amenisamehe. Hilo ndilo lililoniuma, kwamba alikuwa amenisamehe na bado haikuwezekana.

Upande ule mmoja ulimchukua zaidi ya mwezi. Siku alipofunga fundo la mwisho aliniita nije nione, akaupitisha mkono juu ya matamvua kama anavyopita mtu juu ya nywele za mtoto, akacheka kwa pumzi. Upande wa pili, wenye maua na pindo langu, akaukunja chini. Kufumua huko kungeyala maua. Sijui kama alikuwa akijipa muda au alikuwa ameshaamua.

Haikuwa korona. Ilikuwa kiharusi kingine, Alhamisi ambayo haikuwa zamu yangu, na hospitali hazikuwa zinaruhusu wageni. Alikaa siku nne huko pasipo hata mtu mmoja wa kumsuka nywele. Mwana alinipigia simu Jumatatu, nami nikajua kabla hajamaliza salamu.

Akasema kwa desturi yao mama atachomwa, na wanaruhusiwa watu kumi tu. Wanawake wa kwao, ambao wangejua la kufanya, wako mbali na hawaruhusiwi kuvuka mipaka ya mitaa yao. Wanaoandaa maiti wanataka nguo kabla ya saa tisa. Ana sketi na mtandio wa mama yake wa hariri ya dhahabu ya kwao, ana gamosa, na yeye hajawahi kupiga pasi kitu cha namna ile. Nikaonyesha barua yangu mara mbili njiani nikafika.

Nilianza na hariri. Kisha nikaikunjua gamosa juu ya benchi la kufumia. Mwana alikuwa amesimama mlangoni, macho mekundu, hakusogea karibu.

"Ule upande wa pili," nikamwambia, "bado una mshono wangu."

"Fanya unavyoona inafaa, sister," akasema, akaingia ndani kupokea simu.

Wembe wake wa kufumulia ulikuwa palepale kwenye benchi. Mshono wangu ulikuwa mzuri, umenyooka, fundi yeyote angeupitisha. Dakika tano ningekuwa nimeutoa wote. Lakini nikiutoa, ubavu ule ungebaki na nyuzi fupi zisizofaa kitu, na Aita angeondoka na nguo iliyochanika. Nikiuacha, angeondoka na mimi. Labda alikuwa ameuacha makusudi. Labda alikusudia kuufikia wiki ileile. Nilikuwa nimekaa naye asubuhi tatu kila wiki, wembe uko kati yetu, na kwa woga wangu sikuwahi kumuuliza.

Nikashika wembe. Nikajikuta nimepiga magoti kwenye sakafu ya saruji, mbele ya kiti chake, nasema kwa sauti na kwa Kiswahili, "Aita, nifumue au niache?"

Nikangoja. Nilingoja kweli, kama mjinga, mpaka pasi ikaanza kunuka. Kisha nikainuka, nikaipiga pasi nguo kama ilivyokuwa, nikaikunja, nikampelekea mwanawe. Kesho yake alichomwa nayo: mdogo wake alifuma, yeye akasokota upande mmoja, na upande wa pili kulikuwa na mshono wa mtu ambaye hakutumwa.